Mfuko, Ruzuku, Ufadhili, Udhamini: Istilahi za Kugharimia Utamaduni

Katika miaka ya karibuni wafasiri wengi, pamoja na maofisa utamaduni wa wilaya na walimu wanaoombwa kusaidia baada ya saa za darasani, wamekuwa wakiletewa hati za aina moja: fomu za kuombea fedha za utamaduni, mikataba ya kupokelea fedha hizo, na taarifa za matumizi yake. Hati hizo hutoka katika mashirika ya kimataifa, katika balozi, na pengine katika mifuko ya hapa hapa nchini, nazo aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza au Kifaransa. Kwa sura si hati ngumu. Hazina istilahi za fizikia wala za tiba. Walakini tumeona kuwa huleta hasara ya haraka pindi zinapofasiriwa vibaya, kwa kuwa anayetia sahihi chini yake ni mwenyekiti wa kikundi cha ngoma, au mtunzi wa tenzi, au mama msusi wa mikeka, ambaye anaamini kwamba neno alilosomewa lina maana ile ile aliyoizoea yeye.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno machache yanayotumika sana katika hati hizo, na kupendekeza yapi yashikwe na yapi yaachwe. Kielelezo chetu kikuu ni Mkataba uliopitishwa na UNESCO mjini Paris tarehe 20 Oktoba 2005, yaani siku ambayo Mkutano Mkuu wa 33 ulipiga kura: nchi 148 ziliukubali, 2 (Marekani na Israel) ziliukataa, na 4 hazikuelemea upande wowote. Mkataba ulianza kutumika tarehe 18 Machi 2007. Kenya iliuridhia mwaka huo huo wa 2007, na Tanzania mwaka 2011. Matini zake zenye nguvu ya sheria ni sita: ya Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo. Maana yake ni kwamba kila mfasiri wetu anayeugusa Mkataba huu hujitungia jina lake, na msomaji anayekutana na majina matatu hudhani kuna mikataba mitatu.

Tuanze basi na jina. Wapo walioandika "tofauti za utamaduni". Neno "tofauti" si kosa kisarufi, ila masikioni mwa Mswahili lina harufu ya ugomvi. Watu "wakitofautiana" wamekosana, na wazee wakiitwa "kumaliza tofauti" wameitwa kusuluhisha. Mkataba unaotaka kuzikuza tofauti za watu utamshangaza diwani yeyote mwenye busara. Wengine wameandika "wingi wa tamaduni", ambalo lina nafuu, ila linahesabu tu. Halisemi kwamba hizo nyingi si za namna moja. Sisi tunaona "anuwai", lenye maana ya namna nyingi, linafaa zaidi, hasa kwa kuwa wataalamu wa mazingira wamekwisha kulizoesha umma kwa neno "bayoanuwai". Kutoka hapo tunapata "uanuwai", yaani hali ya kuwa wa namna nyingi.

Sehemu ya pili ya jina ina mtego zaidi, kwa kuwa kinacholindwa na Mkataba si utamaduni mzima, bali kile kinachotokana na ubunifu wa mtu, kikundi au jamii na kubeba maudhui ya utamaduni: wimbo, kinyago, filamu, kitabu, tamthilia. Tumeona fasiri moja iliyoandika "matamshi ya kiutamaduni", kana kwamba UNESCO imeanza kufundisha fonetiki. "Semi" ni misemo, na "maonyesho" humpeleka msomaji uwanja wa Sabasaba. Tunapendekeza "madhihirisho ya utamaduni", nalo jina zima liwe Mkataba wa Kulinda na Kukuza Uanuwai wa Madhihirisho ya Utamaduni. Ni refu, lakini katika lugha zile sita nako si fupi.

Kuna neno moja zaidi la upande huu ambalo hatuwezi kulipita, nalo ni "kienyeji". Hati nyingi huzungumzia utamaduni wa mahali, na mfasiri aliye na haraka huandika "utamaduni wa kienyeji". Kwa asili neno hili ni la heshima. Mwenyeji ndiye mwenye mji, ndiye anayempokea mgeni, naye ndiye anayepona mgeni ajapo. Lakini kiambishi "ki-" na historia ya ukoloni vimelishusha: dawa za kienyeji, pombe ya kienyeji, mambo ya kienyeji. Kuku peke yake ndiye aliyenusurika, na leo bei yake iko juu kuliko ya mwenzake wa kisasa. Kwa kuwa utamaduni haujapata bahati ya kuku, tunashauri iandikwe "utamaduni wa wenyeji". Tofauti ni herufi chache tu, bali katika maneno ya kwanza utamaduni ni wa daraja fulani, na katika ya pili ni wa watu fulani.

Sasa twende kwenye fedha, ambako ndiko kwenye kazi.

Maneno mawili ya mwanzo, "fungu" na "mfuko", mara nyingi huandikwa kama kwamba ni kitu kimoja. Mtumishi wa serikali anajua kuwa sivyo. Fungu ni sehemu ya makadirio ya matumizi iliyoidhinishwa na Bunge kwa mwaka mmoja wa fedha; tarehe 30 Juni ikipita, kilichobaki hakiliwi tena bila idhini mpya. Mfuko hutungiwa kanuni zake na wasimamizi wake, hupokea kutoka mahali pengi, na fedha zake hulala ndani yake hadi mwaka unaofuata. Kifungu cha 18 cha Mkataba kimeunda Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni, na kinataja vyanzo vyake: michango ya hiari ya nchi wanachama, fedha zinazotengwa na Mkutano Mkuu wa UNESCO, zawadi na wasia, riba ya fedha zilizowekwa, na makusanyo ya shughuli zinazofanywa kwa ajili yake. Mfuko huo ulianza kugharimia miradi mwaka 2010, na kiwango cha juu ambacho mradi mmoja huweza kuomba ni dola 100,000 za Marekani. Hapa nyumbani tulikuwa na Mfuko wa Utamaduni Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1998 kwa makubaliano ya serikali za Tanzania na Sweden. Ukiuita mfuko kama huo "fungu", ofisa wa hesabu atatafuta namba yake katika kitabu cha makadirio asiione.

Kinachotoka mfukoni kinaitwaje? Hapa ndipo maneno yanapogombana.

La kwanza ni "msaada", neno pana mno: mchele wa mafuriko ni msaada, na jirani anayekushikia ngazi anatoa msaada. Katika mkataba halitoshi, maana halisemi kama kilichotolewa kinarudi au hakirudi.

La pili ni "ufadhili", nalo limeenea hata katika magazeti. Shina lake ni fadhila, na fadhila ina desturi zake. Mwenye kufadhiliwa huwa chini. Anapaswa kushukuru, na asiposhukuru huambiwa: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Ufadhili unafaa pale ambapo tajiri mmoja, kwa mapenzi yake, ameamua kumlipia kijana karo ya chuo cha sanaa. Lakini haufai kuelezea yale ambayo nchi zimeahidiana katika Mkataba. Kifungu cha 14 kinataka nchi zishirikiane kujenga sekta ya utamaduni katika nchi zinazoendelea, na kifungu cha 16 kinazitaka nchi zilizoendelea ziwape wasanii wa nchi hizo, pamoja na bidhaa na huduma zao, upendeleo wa kuingia katika masoko yao. Hayo ni mapatano ya walio sawa mbele ya sheria. Mfasiri anapoyaita ufadhili amegeuza wajibu kuwa huruma, na amefanya hivyo bila ya kuulizwa na mtu.

La tatu ni "ruzuku", nalo tunalipendelea, ingawa lina kasoro zake. Ni ndugu wa riziki. Zamani aliyeruzuku alikuwa Mungu peke yake, na kilichoruzukiwa ni mtoto, mvua au samaki. Serikali ikalichukua kwa fedha zinazotolewa kwa mashirika ya umma, kisha kwa vyama vya siasa, na hakuna tena anayeliona kuwa ni la ibada. Ubora wake ni kwamba lina maana ya kitu kinachotolewa ili mtu aendelee kuishi na kufanya kazi yake, kisichodaiwa. Kasoro yake ni mbolea. Mkulima aliyezoea pembejeo za ruzuku anajua kwamba yeye hulipa sehemu ya bei na serikali hulipa sehemu; kwake ruzuku ni punguzo. Kikundi cha utamaduni chenye wakulima ndani yake, na vingi viko hivyo, kitauliza: "Na sisi tunalipa kiasi gani?" Kwa hiyo inapotajwa mara ya kwanza katika hati yoyote, tunashauri iandikwe "ruzuku isiyorejeshwa", kisha "ruzuku" tu.

Aidha itofautishwe ruzuku ya mradi na ruzuku ya uendeshaji. Mradi una mwanzo na mwisho. Chama cha taarabu au chuo cha ngoma hakina mwisho unaotarajiwa. Wanaotoa fedha wengi hupenda mradi, kwa kuwa unapimika. Matokeo yake ni kwamba chama huwa na fedha za kufanya warsha lakini kikakosa za kulipia umeme wa ukumbi. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na kujulikana duniani kote, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarejea mwaka 2017. Kama sifa zingetosha kuliendesha tamasha, hilo lisingesimama hata siku moja.

La nne ni "udhamini", na hili ndilo la hatari. Mdhamini ni yule anayesimama mahakamani ili mshtakiwa atolewe. Ni yule pia anayetia sahihi benki, kwamba mkopaji asipolipa yeye atalipa. Ni mjumbe wa bodi inayoshika mali ya taasisi kwa niaba ya wengine. Na siku hizi ni kampuni ya vinywaji iliyotundika bango lake nyuma ya jukwaa. Tulipata kuonyeshwa mkataba mmoja, wa kurasa tano tu, uliotumia neno hili kwa maana tatu kati ya hizo bila ya kubainisha. Ukiusoma kwa nia njema, kampuni ilitoa fedha ili itangazwe. Ukiusoma kwa ukali wa wakili, viongozi wa kikundi wenyewe walikuwa wamejitia dhamana ya fedha hizo, kwa mali zao. Tunapendekeza "mdhamini" aachwe kwa mahakama, benki na bodi, ambako sheria imekwisha kumweka. Mwenye bango aitwe "mgharimiaji", na anachopewa kwa malipo yake, yaani tangazo, kitajwe waziwazi.

La tano halina sura ya fedha kabisa: "uwezeshaji". Ni neno la kisasa, lina sauti ya kupendeza, na limekuwa pazia. Kifungu cha 14 cha Mkataba kinataja njia za kusaidia kwa fedha, na ndani yake mikopo yenye riba nafuu na ruzuku zimetajwa moja baada ya nyingine, kila moja kwa jina lake. Lakini fasiri na matangazo yetu huziunganisha zote kuwa "fedha za uwezeshaji". Katika miaka hii ya 2020 Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa Tanzania umekuwa ukitoa mikopo kwa wasanii, jambo ambalo lina manufaa yake kwa mwenye studio au duka la vinyago, anayeuza na kupata faida. Mkopo si aibu. Aibu ni mtu kukopeshwa bila ya kujua. Mpiga zeze wa kijijini, ambaye hana cha kuuza ila usiku mmoja wa ngoma kwa msimu, akisikia "uwezeshaji" ataelewa "msaada". Na barua ya marejesho itakapomfikia, hatamlaumu mfasiri, kwa kuwa hamjui. Tunasema bila ya kusitasita: palipo na mkopo paandikwe "mkopo", na riba yake, na siku ya kuanza kuulipa.

Msomaji huenda akauliza kama lugha yetu yenyewe haikuwa na neno la jambo hili kabla ya hati hizi kuja. Ilikuwa nalo. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema, na wengine husema hutuzwa. Kutunza ni kumpa zawadi mchezaji au mwimbaji mbele za watu, na kutunza ni kulea na kuhifadhi kisiharibike. Katika taarabu hadi leo mtu huinuka na noti mkononi, akaenda hadi kwa mwimbaji kwa mwendo wa madaha, na ukumbi mzima ukajua ubeti gani umemgusa na pengine unamlenga nani. Huo ni ugharimiaji wa utamaduni usio na fomu. Uliokuwa mkubwa zaidi ulifanywa na wafalme: inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kutoka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta muziki wa Misri katika kasri yake na kumpeleka mtu Cairo akajifunze. Vyama navyo vikafuata. Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu 1905. Vyama vya beni vya pwani, Marini na Arinoti, viligharimia sare na matarumbeta yao kwa michango ya wanachama, na ushindani wao ulikuwa wa gharama kubwa kiasi cha kuwakera watawala.

Je, turudi basi kwenye "tunzo" na kuacha ruzuku? Tulilifikiria hilo, tukaliacha. "Tuzo" limekwisha kutwaliwa na mashindano: anayepata tuzo ameshinda, na amelipwa kwa kazi iliyokwisha. Ruzuku hutolewa kwa kazi ambayo haijafanyika. Tena kumtunza mwimbaji ni jambo la mtazamaji aliyefurahi, na fedha hizi hutolewa na mtu ambaye huenda hatausikia wimbo kamwe. Hata hivyo methali ina neno moja linalostahili kukumbukwa na wanaotunga kanuni za mifuko: "kwao".

Limebaki neno "mchango". Mkataba unasema michango ya nchi kwa Mfuko ni ya hiari, na kwamba nchi wanachama "zitajitahidi" kuitoa mara kwa mara. Fasiri inayoandika "zitatoa" imeongeza nguvu isiyokuwapo. Nchi zimehimizwa zitoe walau asilimia 1 ya kile wanachoilipa UNESCO kila mwaka, lakini kuhimizwa si kulazimishwa. Linganisha na Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972, ambako nchi hulipa kwa lazima isipokuwa imetamka mapema kwamba haitafungwa na sharti hilo. Kwa hiyo "mchango wa lazima" na "mchango wa hiari" ni istilahi mbili za sheria, wala si mapambo. Twajua kwamba msomaji wetu wa kijijini atatabasamu akisikia "mchango wa hiari", kwa kuwa ameona mengi ya hiari yenye risiti na mgambo. Hilo haliwezi kuondolewa na mfasiri.

Vivyo hivyo kifungu cha 18 hakisemi kwamba fedha zitolewazo kwa Mfuko hazina masharti. Kinasema kwamba hayataambatanishwa nazo masharti ya kisiasa, ya kiuchumi au mengineyo yasiyopatana na malengo ya Mkataba. "Bila masharti yoyote" ni fasiri fupi, tamu, na ya uongo.

Neno hilo hilo la mchango limetuletea tatizo ambalo hatujalimaliza. Mifuko mingi hutaka mwombaji aoneshe sehemu ya gharama atakayoibeba mwenyewe. Kikundi kimoja cha ngoma katika mkoa wa pwani kiliijaza fomu vizuri hadi kilipofika mahali palipoandikwa "mchango wa mwombaji". Wakaafikiana kwamba hapo wanaombwa kitu kidogo na wakubwa wa ofisi, nao kwa uadilifu wao wakaikunja fomu na kuirudisha tupu. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ngoma zao tisa, banda lao la makuti, na siku za mazoezi za watu ishirini zingehesabiwa zote kuwa ni sehemu yao, bila ya kutoa hata senti.

Kwa sasa tunatumia "sehemu ya mwombaji" badala ya "mchango", na hilo limetulia. Lakini kile kisichokuwa fedha bado hakina jina zuri. "Mchango wa vitu" unaiacha nje kazi ya mikono. "Mchango usio wa fedha" unasema kisichokuwapo. Kikundi tulichokitaja, tulipowaeleza, walisema, "Kumbe mnataka nguvu zetu," na tangu hapo tumekuwa tukijiuliza kama "nguvu za mwombaji" haliwezi kuingia katika fomu. Wasomaji waliokutana na neno jingine mahali pao wanaombwa walilete, pamoja na sentensi lililotumika ndani yake na jina la wilaya.